Kubadili plagi na waya zake mwenyewe bila kuua nyuzi za hedi

#1 Fundi_Racheti

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotaka kubadili plagi na waya zake wenyewe nyumbani. Kwa injini ya silinda nne ambayo plagi zake zinafikika kutoka juu, kazi haizidi saa moja. Kinachoumiza watu ni plagi iliyoingia upande ikaua nyuzi (meno ya skrubu) za hedi, yaani sehemu ya juu ya injini plagi zinamofungwa, kauri (ule mwili mweupe wa plagi) iliyopata ufa usioonekana, au waya mbili zilizobadilishana nafasi.

Vifaa: racheti, ekstensheni mbili (fupi na ndefu), soketi ya plagi yenye mpira au sumaku ndani, fila ya kupimia mwanya (nafasi kati ya elektrodi mbili za plagi, cheche inaporuka), spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), brashi, na kitu cha kupulizia upepo. Plagi nyingi za kipenyo cha 14 mm zinafunguliwa kwa soketi ya 16, za zamani kwa 21, na magari mengi mapya yenye plagi nyembamba yanataka 14 yenye ukuta mwembamba. Hakikisha saizi kabla hujaanza. Soketi ya kawaida isiyo na mpira ndani huigonga kauri, na kauri iliyogongwa haifai tena.

Injini iwe baridi kabisa, isiyochoma mkono ukiigusa. Hedi nyingi ni za aluminiamu na plagi ni chuma. Vyuma hivi havitanuki kwa kiasi kimoja. Ukifungua injini ikiwa na moto mkali, nyuzi laini za aluminiamu zinaweza kutoka pamoja na plagi.

Fanya silinda moja hadi umalize, ndipo uende nyingine. Toa waya, toa plagi, weka mpya, rudisha waya. Ukizitoa waya zote kwa pamoja bila alama umejitafutia kazi ya pili.

Waya inashikwa kwenye kofia yake ya mpira, wala usiivute kwenye waya yenyewe. Izungushe kofia kushoto na kulia nusu duru mpaka iachie, kisha vuta wima. Waya za kaboni zina uzi laini katikati. Ukizivuta uzi huo unakatika ndani na nje huoni chochote.

Kabla hujalegeza plagi, puliza shimo lake. Mchanga na kutu vilivyotulia pale vitaanguka ndani ya silinda plagi ikitoka. Legeza robo duru, puliza tena, ndipo uitoe yote. Zipange plagi za zamani kwa mpangilio wa silinda, 1 hadi 4, usizichanganye, maana kila moja inasema kitu kuhusu silinda yake.

Plagi mpya pima mwanya wake hata kama boksi linasema umeshapangwa. Kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha gari au kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari mengi yenye koili (kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche) za kielektroniki yako kati ya 0.8 na 1.1 mm. Unaporekebisha, pinda elektrodi ya pembeni peke yake. Usiegemeze chochote kwenye ya kati.

Kuingiza ndiyo sehemu ya kutuliza mkono. Weka plagi kwa vidole, au kwa soketi na ekstensheni bila racheti. Zungusha kwanza kinyume, kama unayelegeza, mpaka uisikie ikidondoka kidogo kwenye mwanzo wa uzi. Kisha anza kuingiza. Iende kwa mkono mpaka ikalie. Ikikaza baada ya mzunguko mmoja au miwili, itoe uanze upya. Racheti isiguse plagi kabla haijafika chini kwa mkono.

Kukaza, kwa hedi ya aluminiamu, nyuzi kavu:
– 14 mm yenye wosha: 25 hadi 30 Nm
– 12 mm: 15 hadi 20 Nm
– 10 mm: 10 hadi 12 Nm
– 14 mm ya kikalio cha mshazari, isiyo na wosha: 10 hadi 20 Nm

Kitabu cha gari kikisema tofauti, fuata kitabu. Ukikosa spana ya toki: plagi mpya ya 14 mm yenye wosha, ikishakalia kwa mkono, ongeza nusu duru hadi theluthi mbili ili wosha ibonyee. Plagi unayoirudisha, ambayo wosha yake ilishabonyea, ongeza sehemu ya 12 tu ya duru. Ya mshazari isiyo na wosha, sehemu ya 16. Wengi huua nyuzi hapa kwa kuikaza ya mshazari kama yenye wosha.

#2 Mwanya08

Mkuu umeeleza vizuri. Nyongeza kwenye kuingiza: plagi zikiwa ndani ya mashimo marefu, tafuta kipande cha mpira wa mafuta ambacho tundu lake linabana ile kauri. Chomeka plagi upande mmoja, shika upande wa pili uzungushe kwa vidole. Plagi ikianza kuingia upande, mpira unateleza wenyewe kabla nyuzi hazijaharibika. Mkono wenye racheti hauna hisia hiyo.

Kuhusu mwanya, iridiamu na platinamu zina elektrodi nyembamba mno. NGK Iridium IX ni 0.6 mm, Denso Iridium Power ni 0.4 mm. Usizipime kwa kile kipimo cha duara kama sarafu kinachosukumwa kwenye mwanya, kwa sababu kinakwaruza ncha au kuivunja. Tumia cha waya. Kama mwanya uko ndani ya kipimo cha gari, usiuguse.

Injini ya tabo (inayosukumiwa hewa kwa nguvu) nayo isichukuliwe juu juu. Mgandamizo ukiongezeka, umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka mwanya uleule. Ndiyo maana nyingi zinataka mwanya mdogo, 0.6 hadi 0.8 mm, na ukiweka 1.1 gari litamisi (silinda itakosa kuwaka) pale unapokanyaga kwa nguvu.

#3 Bi_Soketi

Naomba kuongezea namba za plagi, kwa sababu mtu anaweza kufanya kazi yote kwa usafi halafu akawa ameweka plagi isiyo ya injini yake.

Chukua BKR6E-11 ya NGK. B ni kipenyo cha uzi, 14 mm. K ni mwili wa soketi ya 16. R maana yake ina kizuizi cha umeme ndani. 6 ni daraja la joto. E ni urefu wa uzi, 19 mm. Ile 11 ya mwisho ni mwanya, 1.1 mm. Herufi H badala ya E ingekuwa uzi wa 12.7 mm. Plagi ya uzi mfupi kwenye hedi ya uzi mrefu inaacha nyuzi za hedi wazi ndani ya silinda, zinajaa masizi, na siku ukirudisha sahihi haiingii. Ndefu kwenye hedi fupi ni hatari zaidi: pistoni au valvu inaweza kuigonga.

Daraja la joto linachanganya watu kwa sababu watengenezaji hawahesabu upande mmoja. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. NGK 5 ni sawa na Denso 16, NGK 6 ni Denso 20, NGK 7 ni Denso 22. Ubaridi wenyewe ni jinsi plagi inavyopeleka joto haraka kwenye hedi. Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 450 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo haichomi masizi yake, inajaa weusi. Juu ya hapo ncha inawasha mchanganyiko kabla ya cheche, na pistoni inaweza kutoboka.

Fuateni daraja la mtengenezaji wa gari. Gari la matumizi ya kawaida halihitaji plagi ya mashindano.

#4 Waya_Kavu

Waya nazo zipewe nafasi yake, maana watu hubadili plagi mara tatu wakati ubovu uko kwenye waya.

Pima kwa multimita upande wa omu, ncha moja hadi nyingine. Waya ya kaboni huwa na maelfu ya omu, na ndefu husoma zaidi ya fupi, kwa hiyo usishangae zikitofautiana. Vitabu vya Toyota kwa injini zenye waya vinaweka kikomo cha kiloomu 25 kwa kila waya. Unapopima, ikunje na kuitikisa. Namba ikirukaruka au ikikata kabisa, waya imekatika ndani, hata kama ikilala sawa inasoma vizuri.

Kipimo hiki hakioneshi ganda linalovujisha. Kwa hilo subiri giza, washa injini, ifungue boneti, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji kwenye waya ukiwa mbali nazo. Waya mbovu itaonesha cheche za buluu zikirukia chuma, au injini itaanza kutetemeka. Umeme wa pale unapita volti 20,000 kirahisi, kwa hiyo mikono isiwe karibu. Mwenye kifaa cha moyo asisogee kabisa.

Na ile tabia ya kuchomoa waya injini ikiwa inaunguruma ili kusikia silinda ipi imekufa, acheni. Umeme ukikosa njia ya kwenda kwenye plagi unatafuta njia nyingine: ganda la koili, moduli, au mkono wako. Koili inaweza kufa kwa jaribio la sekunde chache.

Wakati wa kufunga, linganisha kila waya mpya na ya zamani kwa urefu kabla ya kuiweka. Sukuma kofia mpaka usikie inaingia, kisha ivute kidogo kuhakikisha. Rudisha vishikizo vyote vya plastiki. Waya zisilale juu ya eksozi, na zisiende sambamba zimegusana kwa urefu mrefu, hasa za silinda zinazowaka moja baada ya nyingine, kwa sababu umeme wa moja unaweza kuamsha nyingine.

#5 KoiliNne

Swali kwa wakuu: kama mtu ameshachomoa zote bila alama, anazirudisha vipi? Na zile grisi mbili, ya kuhami umeme na ya kuzuia plagi kung'ang'ania, zinatumika wapi?

#6 Fundi_Racheti

Mkuu KoiliNne, inategemea gari lina distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa plagi zote kwa zamu) au koili za jozi (koili moja kwa plagi mbili).

Lenye distribyuta: injini nyingi za silinda nne zilizo kwenye mstari huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, za silinda sita kwenye mstari 1-5-3-6-2-4. Thibitisha kwenye kitabu, zipo zinazotofautiana. Toa plagi ya silinda ya kwanza na ukate umeme wa koili. Ziba shimo kwa kidole kisha zungusha injini kwa spana kwenye puli ya krenki, kwa upande wake wa kawaida. Upepo ukisukuma kidole, endelea mpaka alama ya puli ifike sifuri. Bila ule upepo alama inaweza kukudanganya, kwa sababu pistoni hufika juu mara mbili kwa kila mzunguko mzima wa kazi, na mara moja kati ya hizo inatoa moshi tu. Sasa fungua kepu ya distribyuta utazame rota imeelekea wapi. Tundu hilo ni la silinda ya kwanza. Yanayofuata, kwa upande rota inakozungukia, ni 3, 4, 2.

Wakati kepu iko mkononi, itazame ndani. Mstari mwembamba mweusi kama unywele ni njia ya umeme iliyoungua, kepu hiyo haifai. Shaba zilizoliwa au zenye unga wa kijani, badili kepu na rota pamoja. Kuweka waya mpya kwenye kepu iliyochoka ni kuacha nusu ya ubovu.

Lenye koili za jozi: kwa silinda nne, koili moja huhudumia 1 na 4, nyingine 2 na 3. Mara nyingi namba zimeandikwa kwenye koili yenyewe. Katika mfumo huu, plagi moja ya jozi inapata cheche inayotoka elektrodi ya kati na mwenzake inayotoka ya pembeni, ndiyo maana haziliki sawa. Kama gari lilikuja na platinamu pande zote mbili, usiliwekee yenye platinamu upande mmoja.

Grisi ya kuhami: pakaa kidogo sana ndani ya mdomo wa kofia ya mpira, ili isigandie kauri na maji yasiingie. Haipitishi umeme, kwa hiyo usijaze mpaka kwenye chuma cha kugusana.

Ile ya kwenye nyuzi za plagi nitawaachia wengine, najua ina ubishi.

#7 Nyuzi14

Msimamo wangu: plagi mpya zenye nyuzi zinazong'aa zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, hazihitaji grisi. NGK wenyewe wanakataza. Sababu ni ya kimekanika: grisi inapunguza msuguano, spana ya toki inasoma 25 Nm lakini plagi imevutwa kwa nguvu kubwa zaidi ya hiyo. Matokeo ni mwili wa plagi kurefuka, kauri kulegea ndani yake, au nyuzi za hedi kuchomoka.

#8 Bi_Soketi

Nakubaliana nawe kwa hizo zinazong'aa, ila plagi yenye nyuzi nyeusi, isiyopakwa madini, ikiingia hedi ya aluminiamu na kukaa miaka, inagandia. Hapo tone dogo kwenye nyuzi za katikati, bila kugusa ile ya kwanza wala elektrodi, lina maana, na unapunguza nguvu ya kukaza kwa takriban theluthi.

#9 Nyuzi14

Kwa sharti hilo la kupunguza, sawa. Wengi wanapaka na kukaza vilevile, ndipo hedi inapokufa.

Na plagi ikigoma kutoka: usiikomoe. Nyunyizia mafuta ya kupenya kutu kuzunguka mguu wake, acha angalau nusu saa, rudia. Kisha legeza kidogo mpaka ikaze, rudisha ndani kidogo, legeza tena. Kila safari inasogeza uchafu nje ya nyuzi. Ikikataa kabisa, pasha injini moto wa uvuguvugu tu ujaribu tena polepole. Wenye Ford ya 5.4 ya valvu tatu kwa silinda, zile za kuanzia mwaka 2004 hadi 2008, wajue plagi zake za asili zina mwili wa vipande viwili na sehemu ya chini hubaki ndani ya hedi. Hizo zina utaratibu wake na kifaa chake cha kuchomolea, usianze bila kukiandaa.

Uzi ukishakufa, usijaribu kuokoa kwa gundi wala mkanda. Kinachokubalika ni kutoboa na kuweka uzi mpya wa chuma wa M14 × 1.25, kwa plagi ya 14 mm. Paka grisi kwenye meno ya kichongeo ili chenga zigande humo, na safisha silinda kabla ya kuwasha.

#10 KoiliNne

Asanteni wakuu. Jingine: injini ikitetemeka mara tu baada ya kubadili, pa kuanzia ni wapi? Na shimo la plagi likiwa na oili?

#11 Waya_Kavu

Anza na ulichogusa mwisho, mkuu. Kwanza waya: mbili zimebadilishana au kofia haikuingia hadi mwisho. Ya pili ni ile nati ndogo ya juu ya plagi, ambayo kwenye baadhi ya plagi inafunguka. Ikilegea umeme unaruka humo ndani, kwa hiyo ikaze kwa koleo kabla ya kuweka plagi. Ya tatu, plagi iliyoanguka. Hata ikianguka kutoka kiunoni, usiifunge: ufa wa kauri hauonekani na mwanya umeshabadilika. Kwenye gari lenye koili juu ya kila plagi, tazama kufuli za plastiki za soketi za umeme, maana joto huzifanya kavu na zinavunjika ukizibana vibaya.

Ukiwa na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, P0301 ni silinda ya kwanza inayomisi, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu. Kwa gari lenye koili moja moja, hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye nyingine. Kosa likihama nayo, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, hamisha plagi. Taa ya injini ikiwa inapepesa, usiendelee kuendesha: mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha kwenye eksozi) na kuiyeyusha.

#12 Mwanya08

Oili shimoni hutoka juu, si ndani ya silinda: ni gasketi ya kifuniko cha valvu au mipira ya mirija ya plagi. Inyonye yote kwa tambaa na bomba la sindano kabla ya kulegeza plagi, la sivyo inaingia kwenye silinda. Mpira wa kofia ulioloa oili huvimba na kulainika, huo hausafishwi, unabadilishwa. Na bila kubadili gasketi, plagi mpya zitaogelea tena.

Plagi ulizopanga 1 hadi 4 zisomwe hivi. Kijivu au kahawia hafifu, silinda ni nzima. Weusi mkavu wa masizi, mafuta mengi au hewa kidogo. Anza na filta ya hewa. Weusi unaong'aa wenye unyevu wa oili, ni ringi au mipira ya valvu. Nyeupe yenye malengelenge, moto umezidi: mafuta hayatoshi, majira ya cheche yametangulia, au plagi ni ya daraja lisilofaa. Moja ikitofautiana na tatu zingine, tatizo ni la silinda hiyo. Zote nne zikifanana kwa ubaya, tafuta chanzo kinachozihudumia zote.

Mistari myeusi iliyosimama kwenye kauri ya nje maana yake umeme ulikuwa unateremkia nje badala ya ndani. Hapo badili plagi na kofia kwa pamoja, kwa sababu kofia ya zamani ina mstari wake wa kuungua upande wa ndani na itaichora plagi mpya palepale. Lakini pete ya kahawia inayozunguka kauri karibu na chuma msiihofie. Ni chembe za oili zilizovutwa na umeme wa pale, haivujishi chochote na wala si sababu ya kutupa plagi.